Seva Mpya Inapojiunga na Wenzake: Kinachofanyika Usiku wa Matengenezo, na Kwa Nini Hatuhitaji Nambari Yako ya Siri

Huenda umewahi kupokea ujumbe wetu unaosema hivi: "Mpendwa mteja, tutafanya matengenezo ya mfumo usiku wa kuamkia Jumapili. Baadhi ya huduma zinaweza kuchelewa kwa muda mfupi." Wengi huusoma, wakaufuta, wakaendelea na shughuli zao. Wengine hutupigia simu wakiwa na wasiwasi: Kwani pesa zangu zinahamishwa? Nizitoe zote kwanza? Na kuna wale ambao siku hiyo hiyo hupigiwa simu na mtu anayejiita mfanyakazi wetu. Anawaambia, "Akaunti yako inahamishiwa seva mpya, nitajie nambari yako ya siri isije ikapotea."

Somo la leo ni la hao wote. Sisi wa kitengo cha masoko tuliketi na wahandisi wetu, tukawaomba watueleze seva mpya inaongezwaje bila kufunga huduma, kwa maneno ambayo mwanachama yeyote wa chama angeyaelewa. Ukimaliza kusoma utajua mambo mawili: pesa zako zinalindwa vipi usiku huo, na kwa nini anayekuomba nambari ya siri "kwa sababu ya seva mpya" ni mwizi.

Kwa nini seva moja haitoshi

Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mashine nyingine za kituo hicho zikalemewa na mzigo, nazo zikajizima. Zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi ikabaki gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alitoka mzima.

Tulicheka wakati ule, lakini kisa hicho kina funzo kwa kila anayeendesha mitambo. Kuharibika kwa mashine moja ni jambo la kawaida. Hatari iko kwa zile zilizobaki: zitaweza kuubeba mzigo wake?

Tupige hesabu. Tuseme una seva tatu, na kila moja inatumia asilimia 70 ya nguvu zake. Jumla ni 210. Moja ikizimika, hizo 210 zinagawanywa kwa mbili, kila moja inabeba 105. Haiwezekani. Zote zitaanguka. Sasa weka nne: kila moja inabeba asilimia 52 na nusu, na moja ikizimika, tatu zilizobaki zinarudi kwenye 70 kila moja. Mteja hatajua hata kama kuna kitu kimetokea.

Kundi la seva zinazofanya kazi moja kwa pamoja huitwa klasta, na kila seva ndani yake huitwa nodi. Sisi hapa tutasema kundi na seva, inatosha.

Tuna seva za aina mbili. Za kwanza ni seva za mlangoni: zinapokea ombi lako na kulipeleka ndani. Hizi hazikumbuki chochote, kwa hivyo kuongeza moja ni kama kufungua dirisha jingine pale kwenye foleni. Hesabu tuliyopiga hapo juu ni yao. Za pili ni seva za daftari, zile zinazotunza salio lako na rekodi ya kila muamala. Hizi ndizo ngumu kuongeza, na ndizo tutakazozungumzia kuanzia sasa.

Chama cha wanachama watatu

Chukua mfano wa chama. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kila mmoja ana daftari lake, na yote matatu yanafanana mstari kwa mstari. Sheria ni moja: hakuna pesa inayohesabiwa kuwa imetoka au imeingia mpaka wawili kati ya watatu wawe wameiandika. Idadi hiyo ndiyo akidi, kama ile ya Bunge. Bila akidi, hakuna uamuzi.

Seva za daftari hufanya vivyo hivyo. Ukimtumia dada yako shilingi 500, ombi lako linafika kwa seva ambayo ni kiongozi kwa wakati huo. Kiongozi anaandika, kisha anawatumia wenzake wawili. Mmoja wao akijibu "nimeandika", tayari ni wawili kati ya watatu. Hapo ndipo muamala unahesabiwa kuwa umekamilika, na hapo ndipo ujumbe wa uthibitisho unapotumwa kwa simu yako. Hata kiongozi akizimika sekunde hiyo hiyo, rekodi yako iko kwa mwenzake, na sheria inasema kiongozi mpya lazima awe na daftari lisilo na pengo.

Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Mojawapo ya njia zinazotumika sana duniani inaitwa Raft. Ilichapishwa mwaka 2014 na Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na lengo lao lilikuwa njia ambayo mhandisi wa kawaida angeweza kuielewa. Kabla yake ilikuwepo Paxos ya Leslie Lamport, iliyopewa jina la kisiwa kimoja cha Ugiriki.

Kwa nini sheria iwe kali hivyo? Fikiria waya wa mtandao umekatwa na watu wanaochimba barabara. Seva moja imebaki upande huu, mbili upande ule. Kila upande unadhani mwingine umekufa. Kama pande zote mbili zingeendelea kukubali malipo, mtu mwenye shilingi 1,000 angeweza kuitumia upande huu, kisha akaitumia tena upande ule. Waya ukirudishwa, madaftari hayapatani, na kuna mwenye duka ambaye ametoa bidhaa kwa pesa ambayo haipo. Kwa sheria ya akidi, ile seva iliyo peke yake inajua iko peke yake. Inanyamaza na kukataa kuandika. Zile mbili zinaendelea na kazi.

Ni afadhali ukose huduma kwa dakika chache kuliko salio lako lisomeke vingine upande huu na vingine upande ule.

Kuongeza mmoja hakutoshi

Hapa ndipo tulipowauliza wahandisi swali lililowachekesha. Tulisema: kama tatu ni nzuri, si nne ni bora zaidi?

Hapana. Akidi ni zaidi ya nusu. Ukiwa na seva tatu, akidi ni mbili, kwa hivyo unaweza kupoteza moja. Ukiwa na nne, akidi inapanda hadi tatu, na bado unaweza kupoteza moja tu. Umenunua mashine, umelipia umeme wake, na usalama haujaongezeka. Ukiwa na tano, akidi inabaki tatu, na sasa unaweza kupoteza mbili. Ndiyo maana makundi haya huwa na idadi witiri: tatu, tano, saba. Hatuendi hadi mia moja, kwa sababu kila muamala lazima usubiri majibu ya zaidi ya nusu ya kundi, na kundi likiwa kubwa mno, kila mtu anachelewa.

Mahali pa kuziweka nako kunahesabika. Seva tano kwenye kabati moja, zikitumia waya mmoja wa umeme, ni kama seva moja tu. Umeme ulipokatika karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, kila mwenye mitambo alikumbushwa kuuliza jenereta yake ina mafuta kiasi gani. Tunapenda kuzitawanya, lakini umbali una gharama. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni karibu kilomita 480, kwa hivyo kwenda na kurudi ni kama sehemu 5 kati ya 1,000 za sekunde, kabla hujaongeza muda wa vifaa vya njiani. Kwako ni kufumba na kufumbua. Kwa seva inayoandika maelfu ya miamala, ni muda wa kuwekwa kwenye hesabu.

Usiku wenyewe, hatua kwa hatua

Tuseme tunatoka tatu kwenda tano.

*1. Hakikisha waliopo ni wazima.* Hii ndiyo hatua ambayo watu wenye haraka huiruka. Tuseme kati ya seva zako tatu, moja imekufa. Zimebaki mbili, akidi ni mbili, kazi inaendelea. Unaona heri uongeze mpya upesi. Ukishaiandikisha tu, kundi linahesabiwa kuwa la wanne na akidi inapanda hadi tatu. Kama hiyo mpya itashindwa kujiunga, labda kwa sababu mtu alikosea tarakimu moja ya anwani yake, una seva mbili hai na unahitaji tatu. Kila kitu kinasimama. Na huwezi hata kuiondoa hiyo mpya, maana kuiondoa pia ni uamuzi unaohitaji akidi.

Kosa hili hasa lilitupata, kwa bahati nzuri kwenye mitambo ya mazoezi ambayo haina pesa ya mtu. Tarakimu moja tu. Ilibidi kundi lijengwe upya kutoka kwenye nakala. Tangu siku hiyo karatasi ya kazi inaanza na sheria hii: mfu aondolewe kwanza, ndipo mgeni aandikishwe. Ukiondoa aliyekufa, kundi ni la wawili. Ukiongeza mpya linakuwa la watatu, akidi ni mbili, na hata mgeni akigoma, wale wawili wanaendelea.

*2. Mwandae mgeni.* Seva mpya lazima iwe na toleo lile lile la programu kama wenzake. Saa yake lazima ilingane na zao. Vyeti vyake vya usalama lazima vikubalike, maana wenzake hawazungumzi na mtu wasiyemjua. Wahandisi wawili wanasoma anwani kwa sauti, mmoja akitamka na mwingine akikagua. Mnaofunga hesabu za duka wawili wawili mnaijua kazi hii.

*3. Aingie kama mwanafunzi.* Mwanachama mpya wa chama hapewi haki ya kuidhinisha malipo siku ya kwanza, kabla hajasoma daftari. Seva mpya pia inaingia bila kura. Kwanza inapokea nakala nzima ya daftari kutoka kwa wenzake. Tuseme daftari ni gigabaiti 400 na njia inapitisha megabaiti 100 kwa sekunde: hiyo ni sekunde 4,000, zaidi kidogo ya saa moja. Tungeweza kuharakisha, lakini njia hiyo hiyo ndiyo inayobeba malipo yako, kwa hivyo kasi ya kunakili inawekewa kikomo.

Wakati inanakili, watu hawaachi kutuma pesa. Basi nakala ikikamilika, mwanafunzi bado yuko nyuma kwa saa moja ya miamala. Anasoma hiyo, kisha ya dakika chache zilizofuata, kisha ya sekunde chache, mpaka anatembea sambamba na wenzake. Kama hawezi kuwafikia, hapewi kura. Anaondolewa na kazi inaahirishwa.

Zingatia hapa: kila kitu ambacho seva mpya inajua kuhusu akaunti yako, imekipata kutoka kwa seva nyingine. Hakuna hata hatua moja ambapo inahitaji kitu kutoka kwako.

*4. Mpe kura, kisha mngoje wa pili.* Tunaongeza mbili, lakini hatuongezi zote kwa mpigo. Kwa nini? Habari za mabadiliko hazifiki kila mahali wakati mmoja. Fikiria wazee wawili bado wanadhani chama ni cha watu watatu. Wanapiga kura wakiwa wawili: kwao akidi imetimia. Upande mwingine, mzee mmoja na wageni wawili wameshajua chama ni cha watu watano. Nao ni watatu: kwao pia akidi imetimia. Sasa kuna maamuzi mawili halali juu ya pesa ile ile. Ukiongeza mmoja mmoja, jambo hili haliwezi kutokea, kwa sababu akidi ya zamani na akidi mpya lazima zikutane kwa angalau mwanachama mmoja, naye hawezi kukubali mambo mawili yanayopingana.

*5. Zima moja kwa makusudi.* Kundi likishakuwa la tano, wahandisi wanamzima kiongozi wao wenyewe. Wengine wanagundua ukimya, wanamchagua mwingine, kazi inaendelea. Uchaguzi huo huchukua muda mfupi sana, lakini ombi lililofika katikati yake linaweza kukwama kidogo. Hapo ndipo wewe unayelipia teksi saa saba usiku unapoona simu inazunguka bila jibu.

Wewe ufanye nini

Kuna hali tatu tu, na kila moja ina jibu lake.

Umepata ujumbe wa uthibitisho: muamala umekamilika. Zaidi ya nusu ya kundi limeandika. Lala usingizi.

Umepata ujumbe kwamba muamala umekataliwa: haujafanyika. Unaweza kujaribu tena.

Hujapata chochote: *hujui*, na ukimya haumaanishi kwamba umekataliwa. Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Mteja mmoja alikuwa akilipia mifuko 10 ya saruji, shilingi 7,500. Simu ikakaa kimya. Akaanza upya, akalipa tena. Baada ya dakika mbili ujumbe mbili zikaingia, na 15,000 zimetoka. Mwenye duka alikuwa mwungwana, akazirudisha asubuhi. Si kila mtu ana bahati hiyo.

Kwa nini mfumo haukumzuia? Kila ombi lina nambari yake ya pekee. Simu yako ikirudia yenyewe kutuma ombi lile lile kwa sababu mtandao ulikatika, seva inaitambua nambari hiyo na kusema "hili ninalo tayari", na pesa inatoka mara moja tu. Lakini ukirudi mwanzo, ukaandika kiasi na nambari ya siri upya, hilo ni ombi jipya lenye nambari mpya. Seva haiwezi kujua kama umerudia kwa wasiwasi au kama kweli unanunua mifuko mingine 10. Kwa hivyo simu ikinyamaza, usianze upya. Ngoja dakika chache, angalia salio, kisha angalia taarifa ya akaunti yako. Kama bado huelewi, tupigie kwa nambari yetu ya kawaida ya huduma kwa wateja.

Kwa wenye maduka na mawakala: usitoe bidhaa wala pesa taslimu kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Angalia simu yako au salio lako mwenyewe. Usiku wa matengenezo ni usiku ambao ujumbe bandia hupata visingizio: "si unajua system inachelewa leo." Ikichelewa, mngoje pamoja.

Na sasa yule anayepiga simu. Umeshaona kazi yote ilivyo. Seva mpya inasoma daftari kutoka kwa wenzake. Akaunti yako haihamishwi na wewe, haisajiliwi upya, na hakuna mahali kwenye karatasi ya kazi palipoandikwa "muulize mteja". Mtu akikuambia anahitaji nambari yako ya siri, au ile nambari iliyotumwa kwako kwa ujumbe, ili akaunti yako "iingie kwenye seva mpya", hata akijua jina lako kamili na kiasi ulichotuma jana, kata simu. Kisha mwambie mama na shosho pia, maana hao ndio wanaotafutwa sana.

Zoezi dogo

Jaribu kujibu kabla ya kusoma majibu.

Kwanza: kundi lina seva tano, tatu Nairobi na mbili Mombasa. Waya kati ya miji hiyo umekatika. Upande gani utaendelea kupokea malipo?

Pili: kundi la seva saba linaweza kupoteza ngapi na bado liendelee?

Tatu: umelipa nauli, dakika moja imepita bila ujumbe, na kondakta anakuharakisha. Unafanya nini kwanza?

Majibu: Kwanza, ni Nairobi, kwa sababu tatu kati ya tano ni akidi, za Mombasa zitanyamaza mpaka waya urudi, na wateja wa Mombasa watahudumiwa iwapo wana njia nyingine ya kufika Nairobi. Pili, tatu, maana akidi ya saba ni nne. Tatu, unaangalia salio lako kabla ya kugusa kitufe cha kulipa tena. Kondakta naye aangalie simu yake.

Ukipata ujumbe wetu mwingine wa matengenezo, sasa unajua kuna mwanafunzi anasoma daftari usiku kucha ili asubuhi awe mwanachama. Kama una swali ambalo hatukulijibu, tuandikie. Somo lijalo tutaeleza jinsi ya kusoma taarifa ya akaunti yako mstari kwa mstari.